Kwa nini faida ya benki yangu inapanda na bei ya hisa zake imelala?

Msomaji wetu wa Iringa, mwalimu mstaafu, ameandika hivi: "Nina hisa 3,000 za benki iliyoorodheshwa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam. Kwa miaka mitatu mfululizo nimesoma kwamba faida yake imevunja rekodi. Siku matokeo ya mwaka yalipotangazwa, bei haikutikisika hata kwa shilingi moja, na majuma machache baadaye, daftari la wanahisa lilipofungwa, ikashuka. Je, kuna watu wanaoichezea bei hiyo, au mimi ndiye nisiyeelewa ninachokimiliki?"

Shikamoo Mwalimu. Swali lako limebeba maswali mawili, moja dogo na moja kubwa, na ni vyema tukalimaliza lile dogo kwanza ili lisituchanganye mbele ya safari.

Bei kushuka baada ya daftari kufungwa, yaani baada ya orodha ya watakaopata gawio (sehemu ya faida wanayogawiwa wanahisa) kukamilishwa, ni hesabu tu, wala si hila ya mtu. Mwembe unaouzwa siku moja kabla ya mavuno na mwembe uleule ukiuzwa siku moja baada ya mavuno hauwezi kuwa na bei moja, kwa sababu mnunuzi wa pili atasubiri msimu mzima kabla hajaonja embe. Chukua mfano wa CRDB: kwa mwaka wa fedha wa 2023 benki hiyo ilitoa gawio la shilingi 50 kwa hisa, wakati bei yake mwishoni mwa mwaka huo ilikuwa karibu na shilingi 460, maana yake ni kwamba zaidi ya sehemu moja ya kumi ya bei ilikuwa gawio linalosubiriwa. Anayenunua baada ya daftari kufungwa hapati zile 50, na hakuna sababu ya kuzilipia. Ukiona bei imeshuka kwa kiasi kinachokaribia gawio, jua kwamba fedha hizo hazikupotea bali ziko njiani kuja kwako.

Swali kubwa ni la bei kutotikisika, na hapa inabidi tuseme wazi bei ya hisa ni kitu gani. Taarifa ya fedha huandaliwa na kampuni, hukaguliwa na wakaguzi, na husimulia mwaka uliokwisha. Bei haiandaliwi na kampuni. Bei ni kumbukumbu ya watu wawili wa mwisho waliokutana, mmoja akiwa na hisa za kuuza na mwingine akiwa na fedha za kununua, wakakubaliana. Kama leo hakuna waliokutana, ubao utaonyesha makubaliano ya jana, au ya mwezi uliopita, na katika soko letu hata ya mwaka uliopita. Hisa za TBL, kampuni ya bia, zilisimama kwenye shilingi 10,900 kwa miaka kadhaa, na haingii akilini kwamba katika miaka yote hiyo hakuna kilichobadilika katika biashara ya bia Tanzania.

Vodacom Tanzania ni mfano unaofundisha zaidi, kwa sababu unapinga dhana kwamba bei iliyolala daima ni bei ya chini mno. Kampuni hiyo iliuza hisa zake kwa umma mwaka 2017 kwa shilingi 850, baada ya sheria kuzitaka kampuni za simu ziorodheshe robo ya hisa zao, na baadaye bei ikatua kwenye shilingi 770 na kukaa hapo kwa muda mrefu. Ilikaa hapo kampuni ilipotangaza hasara, na ikaendelea kukaa hapo iliporejea kwenye faida. Kwa mwaka ulioishia Machi 2024 faida ilikuwa takribani shilingi bilioni 53, nayo ukiigawanya kwa hisa bilioni 2.24 zilizopo unapata kama shilingi 24 kwa hisa, kwa hiyo aliyenunua kwa 770 alikuwa analipia faida ya miaka 32. Waliokuwa na hisa hizo hawakutaka kuuza chini ya fedha walizotoa, wenye fedha hawakuona sababu ya kufika 770, na katikati yao hapakuwa na mtu. Faida ikipanda katika hali kama hiyo, kazi yake ya kwanza ni kuziba pengo kati ya biashara na bei ambayo tayari ilikuwa juu.

Kwa benki mambo yalikuwa kinyume, na nadhani hapo ndipo ulipo wewe. NMB ilipata faida ya takribani shilingi bilioni 142 mwaka 2019 na bilioni 206 mwaka 2020, ongezeko la karibu nusu katika mwaka ambao dunia nzima ilikuwa inaugulia korona, lakini kwa sehemu kubwa ya kipindi hicho bei ilikuwa shilingi 2,340, haipandi wala haishuki. Kwa hisa milioni 500, faida ya 2020 ni shilingi 412 kwa kila hisa, yaani aliyenunua kwa 2,340 alikuwa analipia faida ya miaka isiyofika sita. Mtu aliyezoea masoko ya Ulaya angesema hisa hizo zinatolewa bure. Kwa nini basi hazikugombewa?

Jibu la kwanza liko kwenye tofauti kati ya faida ya benki na fedha inayofika mkononi mwa mwanahisa. Katika miaka hiyo NMB ilikuwa inagawa theluthi moja ya faida na kubakiza theluthi mbili ili kuimarisha mtaji, jambo ambalo kwa benki inayokua ni la busara na ambalo Benki Kuu hulipenda. Gawio la mwaka 2019 lilikuwa shilingi 96 kwa hisa, na la 2020 lilikuwa shilingi 137. Mtu mwenye shilingi milioni moja angepata hisa 427 kwa bei ya 2,340, na gawio la 2020 lingempa shilingi 58,499, ambazo baada ya kodi ya zuio ya asilimia 5 zinabaki kama 55,600. Sasa mchukue mtu huyohuyo umpeleke kwenye hatifungani ya serikali ya miaka 20, yaani mkopo ambao mwekezaji huipa serikali, iliyokuwa na riba ya asilimia 15.49 kwa mwaka isiyokatwa kodi. Milioni yake ingemletea kama shilingi 154,900 kila mwaka, kwa awamu mbili, bila kusoma hata ukurasa mmoja wa taarifa ya benki yoyote. Ni kweli kwamba zile theluthi mbili zilizobaki benki ni mali ya mwanahisa vilevile, na kwamba gawio hukua wakati riba ya hatifungani haikui, lakini hoja hiyo humshawishi mwenye subira ya miaka kumi. Msimamizi wa mfuko wa pensheni, ambaye kila mwezi ana wastaafu wa kulipa, haoni aibu kuchagua 154,900.

Hiyo ndiyo sababu ninayoipa uzito mkubwa kuliko zote kwa Tanzania, na nashangaa jinsi inavyozungumzwa kidogo. Bei ya hisa haishindani na faida ya kampuni peke yake. Inashindana na kila mahali pengine ambapo fedha ileile ingeweza kulala. Aprili 2022 serikali ilipunguza riba ya hatifungani mpya za miaka 20 hadi asilimia 12.10 na za miaka 25 kutoka 15.95 hadi 12.56. Mwaka uliofuata hisa za NMB zilivuka shilingi 4,000. Sitasema kwamba riba ndiyo iliyofanya kazi yote, maana gawio nalo lilikuwa limefika shilingi 286 kwa mwaka 2022 na 361 kwa mwaka 2023, ila mizani ilikuwa imehama: upande mmoja uliongezewa uzito na upande wa pili ukapunguziwa.

Jibu la pili ni idadi ya wanunuzi. Katika NMB, kampuni ya Arise inamiliki kama asilimia 35 na serikali kama asilimia 32, na wote wawili si watu wa kuingia sokoni asubuhi kuuza mia na kununua mia mbili. Hisa zinazoweza kuzunguka ni theluthi tu, na nyingi katika hizo ziko kwa watu kama wewe, Mwalimu, walionunua na kuweka kabatini. Upande wa wanunuzi nao ulipungua: mwaka 2018 mifuko ya PPF, PSPF, LAPF na GEPF iliunganishwa kuwa PSSSF, tukabaki na mifuko miwili mikubwa ya pensheni Tanzania Bara badala ya mitano. Kwa usimamizi inaweza kuwa ni hatua njema, lakini kwa soko la hisa maana yake ni kwamba kamati zinazoweza kukaa na kusema "tununue" zilipungua kwa mkupuo mmoja. Juu ya hayo, biashara kubwa kati ya wenye hisa nyingi hufanyika kwa makubaliano ya pembeni, katika ubao maalumu ambao bei yake haihamii kwenye ubao unaouona wewe katika programu ya Hisa Kiganjani. Inawezekana basi hisa laki tano zikabadilisha mwenyewe kwa bei tofauti kabisa siku ileile ambayo ubao wa kawaida umelala.

Hadi hapa nimeichukulia faida kuwa ni faida. Lakini soko, hata likiwa dogo, lina watu wachache wanaosoma maelezo ya nyuma ya taarifa, na hao huuliza faida imetoka wapi. Mfano ulio wazi zaidi katika Afrika Mashariki ya miaka ya karibuni ni kampuni ya umeme ya Kenya, Kenya Power. Baada ya hasara ya shilingi bilioni 3.2 za Kenya katika mwaka ulioishia Juni 2023, ilitangaza faida ya bilioni 30 kwa mwaka ulioishia Juni 2024. Ukigawanya kwa hisa zake bilioni 1.95 unapata zaidi ya shilingi 15 kwa hisa, na wakati matokeo hayo yanatoka hisa moja ilikuwa inauzwa chini ya shilingi 5. Ukisoma vichwa vya habari peke yake utadhani wawekezaji wa Nairobi wamerogwa. Kilichotokea ni kwamba kampuni hiyo ina mikopo mingi ya fedha za kigeni, na shilingi ya Kenya, iliyokuwa imeanguka hadi 160 kwa dola mwanzoni mwa 2024, ilirudi hadi karibu 129 katikati ya mwaka. Deni lilelile likawa dogo kwenye vitabu bila kampuni kuuza yuniti moja zaidi ya umeme. Faida ya namna hiyo ni halali na inapendeza, lakini haiwezi kurudiwa kila mwaka, na gawio lililotangazwa, senti 70 kwa hisa, lilionyesha kwamba hata bodi ilijua hivyo. Nami niwatendee haki waliokuwa na matumaini: bei hiyo iliendelea kupanda mwaka 2025, kwa hiyo wale waliodharau matokeo yote kwa jumla walikosea pia.

Katika benki, kinachofanana na hayo ni mikopo chechefu, yaani ile isiyolipwa kama ilivyopangwa, na tengo la hasara, yaani fedha ambazo benki hutenga ili kufidia mikopo hiyo. Benki inaweza kupata faida nzuri mwaka huu kwa kupunguza tengo, na ikailipia miaka miwili baadaye. Vilevile inabidi uangalie faida inapanda kutoka wapi. CRDB ilipata takribani shilingi bilioni 36 mwaka 2017, bilioni 64 mwaka 2018 na bilioni 120 mwaka 2019. Ukiziandika hizo kwenye ubao wa darasa, wanafunzi watapiga makofi: faida zaidi ya mara tatu katika miaka miwili! Hata hivyo mwaka 2019 hisa zake ziliuzwa chini ya shilingi 100, ilhali mwaka 2009 umma uliuziwa kwa 150 na mwaka 2015 wanahisa walinunua hisa stahiki (hisa mpya zinazouzwa kwanza kwa wenye hisa tayari) kwa 350. Sababu ni kwamba mwaka 2015 benki ilikuwa imeshapata karibu bilioni 129. Kupanda kwa 2018 na 2019 kulikuwa ni kuinuka kutoka shimoni, na soko lililokuwa limeumia halikutaka kuamini hadi lione miaka mingine miwili mitatu. Lilipoamini, bei ilifuata, ikachelewa lakini ikafuata, hadi ikafika kama 670 mwishoni mwa 2024.

Hapo utaona kwamba soko linapotazama matokeo, jicho lake moja liko kwenye mwaka uliopita na la pili liko kwenye miaka ijayo, na hilo la pili ndilo linalotawala. Umeme, kampuni iliyosambaza umeme Uganda na iliyoorodheshwa Kampala na Nairobi, iliendelea kutoa faida na gawio, lakini mkataba wake wa miaka 20 ulikuwa na tarehe ya mwisho, Machi 2025, na hakuna mwenye akili aliyelipia faida ya miaka kumi kwa kampuni iliyobakiza miwili. Kenya nako, Agosti 2016 Rais Uhuru Kenyatta alipotia saini sheria ya kuweka ukomo wa riba za mikopo, hisa za benki zilianguka ndani ya siku chache, wakati matokeo ya nusu mwaka yaliyokuwa mezani bado yalikuwa mazuri. Matokeo hayo hayakuwa ya uongo, ila yalikuwa ya dunia iliyokwisha kupita.

Kuna na sababu ya wageni, ambayo kwa benki yako inaweza kuwa ndogo lakini kwa Nairobi ni kubwa mno. Agosti 2021 hisa za Safaricom zilikaribia shilingi 45 za Kenya, na mwishoni mwa 2023 zilikuwa chini ya 15. Faida ya wanahisa katika kipindi hicho, ukilinganisha mwaka ulioishia Machi 2021 na ule ulioishia Machi 2023, ilipungua kutoka bilioni 68.7 hadi bilioni 62.3, yaani kwa chini ya sehemu moja ya kumi, huku bei ikipungua kwa zaidi ya theluthi mbili. Gharama za kuanza biashara Ethiopia zilichangia, lakini haziwezi kueleza tofauti yote hiyo. Benki Kuu ya Marekani ilipandisha riba yake kutoka karibu na sifuri mwanzoni mwa 2022 hadi zaidi ya asilimia 5 katikati ya 2023, wawekezaji wa nje wakaona hakuna haja ya kubeba hatari ya sarafu inayoporomoka, wakauza. Waliobaki kununua walikuwa Wakenya, ambao Februari 2024 serikali yao iliwapa hatifungani ya miundombinu yenye riba ya asilimia 18.46 isiyotozwa kodi. Kampuni ilikuwa ileile, minara ileile, M-Pesa ileile, ila watu waliokuwa tayari kuilipia hawakuwa walewale.

Narudi kwenye tuhuma yako ya kuchezewa bei. Sheria inaitambua na kuiadhibu hila hiyo, na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana ndiyo yenye jukumu la kuifuatilia. Lakini mchezaji wa bei hutaka bei iende mahali fulani, kwa hiyo dalili yake ni bei inayoruka kwa hisa chache bila habari yoyote ya kampuni. Bei iliyosimama miezi, pamoja na gawio lililokatwa kwa hesabu inayoeleweka, haina dalili hiyo. Kwa hiyo sioni mkono wa mtu hapo. Naona soko lenye watu wachache.

Ukitaka kujua hisa zako zimesimama kwa sababu ipi kati ya hizi, chukua ripoti ya mwaka, si tangazo la gazetini, na utafute faida kwa kila hisa ya miaka mitano, gawio la kila mwaka, na uwiano wa mikopo chechefu. Ikiwa faida kwa kila hisa imepanda na gawio likapanda nalo, na mikopo chechefu ikapungua, basi tatizo liko sokoni wala haliko benki, na gawio lako litaendelea kukua wakati bei inasubiri wanunuzi. Ikiwa faida imepanda lakini gawio limeganda, uliza kwenye mkutano mkuu fedha zinakwenda wapi. Una haki hiyo hata kwa hisa moja. Kisha mpigie dalali wako umuulize jambo ambalo wanahisa wengi hawaulizi: leo kuna watu wangapi wanaotaka kununua, wanataka hisa ngapi, na kwa bei gani. Akikuambia kuna oda tatu ndogo, ya juu kabisa ikiwa chini ya bei ya ubao, utakuwa umejua thamani halisi ya hisa zako kwa mtu anayehitaji fedha wiki hii.

Hisa 3,000 si nyingi kiasi cha kulishtua soko, lakini katika siku tulivu zinaweza zisipate mnunuzi mmoja wa kuzichukua zote. Kama unajua kwamba Januari utahitaji fedha za ada ya wajukuu, weka oda yako Oktoba, kwa bei utakayoitaja wewe mwenyewe na si kwa bei yoyote itakayopatikana, na uiache ijazwe mafungu kwa mafungu. Kama huna shida ya fedha hizo, hakikisha tu kwamba akaunti ya benki iliyoko kwenye kumbukumbu zako za hisa ni ile unayoitumia sasa, maana nimekutana na wastaafu wengi wanaolalamikia bei kumbe wana magawio ya miaka minne ambayo hayajawahi kuwafikia.